Hatua Arobaini hadi Altareni

Jumatatu, 14 Juni 1993
Siku ya tatu tangu nitoke hospitali. Wiki nane nililala chali, mguu wa kulia ukivutwa kwa kamba na vyuma vizito, kisa kuanguka kutoka juu ya lori la mahindi kule Madaba. Paja limeunga. Sasa goti ndilo limegoma kukunjika.

Binti yangu Dorine anafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 26. Leo mdogo wangu Fransisko amekuja na koti la mtumba, jipya kabisa kwake. Akasema kaka nisijisumbue, yeye baba mdogo yupo, atamwingiza bibi harusi kanisani. Nikamshukuru. Akaingize mbuzi wake zizini.

Jumanne, 15 Juni
Mazoezi ya viungo. Bwana Daimu, mtaalamu mwenyewe, ni mtu wa Nalasi. Mpole wa sauti, mkatili wa mikono. Alilikunja goti mpaka nikawataja watakatifu wote ninaowajua. Nilipomweleza habari ya harusi, akasema kwa magongo mawili nitamwingiza, inshallah. Bila magongo, miezi miwili.

Nyumbani ninyanyue mguu mara kumi, na mfuko wa mchanga wa kilo moja kifundoni. Mimi nimepiga hesabu. Kilo tatu, mara thelathini: nitapona mara tisa zaidi.

Alhamisi, 17 Juni
Goti limevimba kama boga. Nilimwambia Bwana Daimu ni baridi ya Juni. Mke wangu Leticia, aliyenisindikiza, akautoa ule mfuko wa mchanga kwenye kikapu na kumwekea mezani. Daimu akaupima kwa mkono, akanitazama, akaandika kwenye cheti. Siku tatu za kupumzika.

Jumatatu, 21 Juni
Nimekwenda kupima kanisa letu la hapa Mjimwema. Mlango mkubwa hadi altareni, hatua arobaini. Kutokea mlango wa sakristia, kule padre anakovalia, tisa tu. Nikamwomba padre bibi harusi apitie sakristia. Akaniuliza kama kuna mtu tunamficha.

Alhamisi, 24 Juni
Jaribio la kuingia kanisani, saa kumi jioni. Fransisko nilikuwa nimempelekea ujumbe kwamba ni saa kumi na mbili. Kumbe yumo kwenye kamati ya mapambo, alifika tangu saa nane.

Nilifika hatua ya kumi na mbili, nikakaa kwenye benchi, jasho linanitoka. Fransisko akamshika Dorine mkono, wakaenda mpaka mbele, taratibu, bila kuyumba. Walipendeza. Hilo ndilo lililoniuma. Usiku sikula.

Jumamosi, 26 Juni
Magongo niliyasahau nyumbani, kwa makusudi.

Hatua kumi na tano za kwanza, safi. Ya kumi na sita, paja likaanza kutetemeka. Nikamwona Fransisko kwenye benchi lake, ameshanyanyuka nusu. Dorine akaninong'oneza bila kugeuza uso:

"Baba, tupumzike?"

Nikamjibu kwamba nakagua maua.

Akapitisha mkono kiunoni mwangu, chini ya shela, watu wasione. "Egemea, baba. Remmy atasubiri, hana pa kwenda."

Remmy ndiye bwana harusi. Kweli alisubiri. Kwaya ilirudia wimbo mara ya tatu ndipo tukafika. Nusu ya uzito wangu aliubeba binti yangu, pamoja na shada lake la maua, na uso wake ulikuwa unacheka. Nililia kidogo. Leticia anasema nililia sana.

Baadaye ukumbini wakapiga lizombe, ngoma yetu ya huku. Fransisko akaingia katikati, akawa anarusha miguu na watu wanamshangilia. Uwanja mzima nimwachie yeye, harusi ya mwanangu mimi? Nikaingia.

Jumatatu, 28 Juni
Goti halipiti kwenye suruali. Nimemweleza Bwana Daimu kwamba niliteleza bafuni, kwenye sabuni. Akauliza, kwa upole ule ule, kama hiyo sabuni nayo ilikuwa inacheza lizombe. Kumbe naye alikuwa ukumbini, meza ya tatu. Dorine ndiye aliyempelekea kadi.

"Mzee Kajetani," akasema, "tunaanza upya."

Wiki sita. Marufuku kutembea bila magongo, marufuku kupanda lori, marufuku kucheza ngoma ya aina yoyote. Nimemsikiliza kwa makini sana, mwanzo hadi mwisho. Baiskeli hakuitaja.