Fungate ya Fundi Majeneza

Kijana mmoja, ambaye mjini aliitwa Tabasamu kwa kuwa hakuwa na mtaji mwingine, alikuwa akipita mbele ya karakana ya majeneza aliposikia mke wa fundi akimsuta mumewe. Mke alikuwa akipaka vanishi, na kila mpako ulikuja na neno lake. Tangu waoane alikuwa akiahidiwa fungate ziwani, na kila mwaka Fundi alimjibu kwamba watu hawaachi kufa. Sasa hata watoto wao walikuwa wameoa, wakaenda fungate zao na kurudi. Tabasamu akasimama. Mke mwenye hamu na mume bahili chini ya paa moja: riziki ya namna hiyo hairukwi.

Kesho yake alirudi na kishikwambi mkononi. Akamwita Fundi kaka, mkewe shemeji, akaketi juu ya jeneza kama mtu wa nyumbani. Ndani ya kishikwambi mlikuwa na programu ya kupanga safari. Programu yenyewe ilikuwa ya kweli, tena ya bure; cha uongo kilikuwa Tabasamu tu. Ikauliza maswali, mke akajibu: anapenda maji, hapendi ngazi, anataka dirisha lisilosikia nyundo. Kwa kila jibu hoteli zilibadilika, njia zikapangwa upya, bei ikashuka. Iliposhuka bei, Fundi akavaa miwani.

"Na simu yako tunaiunganisha humu, shemeji," Tabasamu alisema. "Nikibadilisha kitu huku, unakiona huko. Ukibadilisha wewe, nami nakiona. Hapa hakuna siri."

Fundi alitoa malipo ya awali kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. Ilikuwa akiba yao yote. Ingepotea, ziwa wangelisikia kwa wengine tu.

Jioni hiyo Tabasamu naye aliona haja ya kusafiri, tena upesi. Ahangaike nini na ratiba za mabasi ilhali programu anayo? Kuuza dawa mpaka ukainywa mwenyewe ni maradhi ya wajanja wengi, tuwahurumie. Kwa uvivu akaendelea kwenye ukurasa uleule uliounganishwa na simu ya shemeji, akabonyeza safari mpya. Wasafiri: mmoja. Kurudi: hapana. Unapenda mahali pa namna gani? Akajibu kwa ukweli ambao hakuwahi kumpa binadamu: nisipojulikana.

Simu ya mke wa fundi ikalia jikoni. Akasoma, akakaa chini, akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Fundi akataka waende polisi.

"Polisi watatupa benchi tukae," mke alisema. "Mimi nataka ziwa."

Akajifuta machozi, kisha akalifuta basi la Tabasamu. Mahali pake akaandika: gari binafsi, jeupe, nyuma ya stendi. Nauli bure. Abiria akae nyuma.

Asubuhi Tabasamu aliyaona mabadiliko akaisifu programu. Yeye asiyemwamini hata ndugu yake hakuuliza lolote. Akalikuta gari, akafungua mlango wa nyuma, akajitupa ndani na begi lake la pesa. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, na huko nyuma kulikuwa na jeneza tu, hakukuwa na kiti. Lilikuwa gari la Fundi la kupelekea majeneza. Mlango ukakomewa kwa nje.

"Kaa vizuri, shemeji," mke akasema kutoka mbele. "Tukifika utalipa hoteli. Ukikataa, kituo cha polisi ni jirani yake, programu imekionyesha."

Alilipa. Kisha akabeba mizigo, maana mikono ya Fundi ilikuwa na kazi nyingine. Fundi alisimama mbele ya maji bila nyundo, hajui mikono aiweke wapi, mpaka mkewe alipoishika. Walikaa hivyo kitambo, wakiwa na furaha ya watu waliooana jana.

Simu ikalia tena. Programu ilitaka kujua kama mwandaaji wa safari aliwahudumia vizuri. Mke akamtazama Tabasamu, aliyekuwa amekaa juu ya masanduku na begi tupu, hana nauli, akampa nyota zote tano.

"Mnyonge mnyongeni," akamwambia mumewe, "haki yake mpeni."