Jumamosi Gari la Mkwe Litatoka

Jumapili, tarehe 2 Machi

Leo nimeapa. Mbele ya ndugu wote wa mke wangu, kikombe cha chai mkononi, nimeapa kwamba Jumamosi gari la marehemu baba mkwe litatoka uani kwangu kwa magurudumu yake yenyewe. Mimi kwenye usukani, mama mkwe siti ya nyuma. Nitampeleka mpaka kwa dada yake, ng'ambo ya soko. Si mbali. Lakini ni safari.

Sikukusudia kuapa. Shemeji ndiye aliyenichokoza. Huyu ni kaka wa mke wangu, mtu wa gari jipya na viatu vinavyong'aa, na mama yao anaishi kwake. Akasema gari la baba limeozea kwangu juu ya matofali, limekuwa banda la kuku, na mama kila akija kututembelea analitazama kisha anarudi nyumbani kimya. Basi yatosha. Ameshaongea na mkata vyuma chakavu. Jumapili ijayo atakuja na msumeno wake wa umeme.

Nikauliza, bila hata kunishirikisha? Akacheka akaniita Injinia. Mimi ni karani wa stoo! Na yeye anajua!

Mama mkwe alikizungusha tu kikombe chake kwenye sahani, akakizungusha tena. Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Makubaliano ni haya: gari likitoka Jumamosi, linabaki. Lisipotoka, msumeno.

Nimechukua likizo ya wiki nzima. Kazini hakuna aliyenizuia. Nimeona hilo, nimeamua kutolifikiria.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Fundi amekuja. Tunamwita Fundi Taratibu, na jina halikumwonea. Alilizunguka gari, akanywa chai, akalizunguka tena, akafungua boneti, akaingiza kichwa chote. Nikadhani amelala.

Alipotoka alisema gari hili halijafa, limesusa tu. Tusafishe kabureta, tubadilishe plagi na betri, tumwage mafuta ya zamani, tutazame breki, tutafute matairi ya saizi ileile. Basi. Mengine yote niyaache kama Mzee alivyoyaacha. Alilisema hilo mara mbili huku akinitazama usoni. Kumbe sifa zangu zimemfikia.

Ni mtu mwema, lakini hana maono. Gari limekaa miaka yote hiyo juu ya matofali, leo litoke na uso uleule? Mama mkwe anastahili zaidi. Na shemeji anastahili kuumia kidogo.

Nimewahamisha kuku. Mmoja alikuwa anaatamia kwenye siti ya dereva, akanidonoa kidole gumba. Sasa anaatamia kwenye kiti changu cha barazani. Nimesimama jioni nzima.

Kabla ya kulala nimepima geti, kisha nimepima gari. Linapita, na kila upande inabaki nafasi ya kiganja. Roho kwatu! Nani atasema mimi si mtu wa mipango?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Matairi ya saizi ileile hayapatikani. Yaani, yanapatikana, lakini ni membamba, yanatia huruma. Rafiki yangu wa stoo ameniletea seti ya matairi mapana ya gari la mizigo, pamoja na rimu zake. Mapana hasa! Fundi alitikisa kichwa, lakini alifunga. Gari likasimama kama mpiga mieleka.

Tatizo: matairi yametokeza nje ya madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekata tangi bovu la maji. Nimekunja mabati, nimeyakaza kwa boliti juu ya madigadi yote manne, nimeziba maungio kwa unga wa kuzibia, nimepiga msasa hadi meno yakaniuma. Sasa gari lina mabega! Mbele na nyuma!

Mke wangu alitoka jikoni, akasimama, akaweka mkono shavuni. Akauliza kama gari limeshikwa na matubwitubwi.

Mchawi mpe mwanao akulelee, lakini msanii usimpe mkewe kazi akaitazama. Nadhani methali yenyewe haiendi hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana sikuandika. Jana palikuwa na vita.

Siti za nyuma zilikuwa zimeraruka, pamba nje. Zilihitaji kitambaa kizito, cha heshima. Nikakumbuka mapazia ya sebuleni, yale mekundu. Madirisha mawili, mapazia mawili. Nyumba ina haja gani na mapazia mawili? Nikachukua moja. Nimeshona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Siti zimependeza hata mimi nikaogopa kuzikalia.

Nilikuwa nimepanga pazia la pili liwe la dari. Dari ya gari lile ni kitambaa kilichofifia, rangi ya chai ya maziwa, na katikati kina kiraka cha ovyo kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Aibu tupu! Nilikuwa nimepanda juu ya kochi, natoa ndoano ya mwisho, mke wangu aliporudi kutoka sokoni.

Aliyoyasema siyaandiki. Kwa ufupi, ameuliza kama akifa nitamkata vipande nikatengenezee usukani. Pazia la pili amelikunja, amelilalia. Kwa hiyo dari imebaki na kiraka chake. Itabidi mama mkwe atazame mbele tu.

Leo nimefunga honi ya lori. Nimeijaribu mara moja. Majirani wa pande zote walitoka nje. Mmoja alikuwa na povu la sabuni kichwani. Mke wangu, kwa kinywa kilekile kilichosusa kuongea nami tangu jana, akasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Limewaka! Limewaka! Limewaka!

Fundi aligeuza ufunguo, gari likakohoa. Akageuza tena, likatoa moshi mweusi na kiota cha panya. Mara ya tatu likanguruma! Nikamkumbatia fundi. Nikamkumbatia mke wangu, naye akajisahau, akacheka, akanipiga begani. Alisema mlio ni uleule. Alisema akiwa mdogo aliusikia mlio huo akajua baba yake yuko nyumbani. Kisha akaingia ndani haraka akasema moshi umemwingia machoni.

Nami moshi uliniingia.

Fundi alikuwa anakusanya spana zake. Akayatazama madigadi. Akalitazama geti. Akayatazama madigadi tena, akafungua mdomo. Nikamwambia leo ni siku ya furaha, kama ana neno la kuvunja moyo alibebe aende nalo. Akalibeba, akaenda nalo.

Nimepiga pasi suti. Mchumia juani hulia kivulini! Kesho shemeji atanitambua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika mikono ikinuka oili. Nitajitahidi kwenda kwa mpangilio.

Asubuhi. Suti. Tai. Gari limeng'aa, mabega yake mekundu (rangi ya milango ilitosha mabega tu). Mkata vyuma kesho atapita mikono mitupu, nikajiambia. Nikafungua geti kwa mikono miwili, kwa madaha. Nikawasha. Likanguruma. Nikapiga honi. Nikaenda mbele.

Kra!

Nikarudi nyuma. Nikalenga vizuri zaidi. Nikaenda mbele.

Kra! Pande zote mbili kwa pamoja, kwa usawa kabisa. Hilo niseme: mikono yangu haikukosea usawa.

Mke wangu alikuwa kwenye ngazi za jikoni na bakuli la mchele. Akauliza kwa upole kama lile geti nililipima kabla ya kumwotesha mwenzetu mabega au baada. Akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, akarudi ndani.

Sikumwonea haya shemeji wakati ule, nakiri. Nilikiona kikombe kile kikizungushwa kwenye sahani.

Lakini mwanamume hafi kabla ya siku yake. Bado ilikuwa mapema. Nirudishe gari uani, nifunge geti watu wasinione, nifungue mabega yote manne, nipitishe, nifunge tena barabarani. Suti nikaivua isichafuke, nikavaa kaptula yangu ya kazi, ile iliyopasuka nyuma, nikaingia chini ya gari na spana. Boliti zote zilikuwa zimegandiana na unga wangu wa kuzibia. Nilifanya kazi nzuri mno.

Nikiwa chini hapo nikasikia mlango mdogo wa geti. Viatu vinavyong'aa. Na kando yake, kandambili za mama mkwe.

Wamekuja mapema!

Nitoke vipi? Mtu hamtokei mama mkwe kwa kaptula iliyopasuka matakoni, akitambaa kama kenge. Afadhali kufa. Nikavuta miguu ndani, nikaacha kupumua.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Akauliza hili ni gari au ni kiboko. Akachungulia ndani akasema jamani, pazia la sebuleni! Akamwambia mama yake ameshajionea, halitoki, na kesho mkata vyuma atamaliza kazi. Akauliza Injinia yuko wapi. Mke wangu akasema nimetoka kidogo. Mungu ambariki mwanamke yule.

Kisha mlango wa nyuma ukalia, ule mlio wake wa zamani ambao fundi alikataa kuutia grisi. Gari likashuka kidogo juu yangu. Mama mkwe alikuwa ameketi.

Shemeji akamwambia mama, tutoke, humo mna vumbi. Mama mkwe akamwambia aingie mbele, aketi pale alipoketi baba yake, na afunge mdomo. Akaingia. Gari likashuka tena. Pua yangu ikagusa ekzosi, na ekzosi bado ilikuwa ya moto. Nikajikaza kisabuni.

Mama mkwe akaanza kuongea, taratibu, kama anayeongea na dirisha. Alisema watu wanadhani yeye na Mzee walisafiri sana na gari hili. Hata! Kila Jumamosi Mzee alivaa, naye akavaa, wakaingia, gari likanguruma kidogo, kisha likagoma. Mzee hakuwa mtu wa kukubali. Hakushuka. Basi wakakaa humu humu hadi jua lizame, wakiongea. Alisema nyumbani mumewe alikuwa mtu wa redio na wageni na haraka. Humu ndani ndimo alimomsikiliza, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia.

Alisema siku moja aliudhika naye, akainua mwavuli, akatoboa dari. Mzee hakufoka. Aliomba sindano na uzi wake wa buluu, akashona mwenyewe, vibaya, huku anamwomba radhi. Kiraka kile. Kila akija kwetu alikuwa akilitazama gari na kuona haya kumwomba mkwewe amfungulie mlango akitazame. Na leo alipoketi aliogopa kuinua macho, kwa lile pazia na yale mabega. Akainua. Akakikuta.

Nikasikia shemeji akivuta kamasi. Shemeji! Wa viatu vile!

Mama mkwe akasema gari haliendi kwa mkata vyuma wala haliendi kwa dada yake. Dada yake anaweza kuja hapa. Kila Jumamosi yeye atakuja kuketi humu, na wanawe wakitaka kuongea naye wajue alipo. Shemeji akasema ndiyo mama. Sauti ya mtoto kabisa.

Halafu akainama kidogo, nikasikia, akasema anamshukuru sana mkwe wake aliye huko chini, ana mkono mbaya lakini ana moyo mzuri, na miguu yake ameiona tangu alipoingia getini. Yeye amefumba macho. Atoke akavae. Ila ana ombi moja: asiguse kitu kingine chochote humu.

Nilitoka. Nilikimbia. Sijui kama alifumba kweli, kwa sababu nilisikia kicheko, na hakikuwa cha shemeji.

Baadaye nilirudi na suti, nikaketi mbele pamoja na shemeji. Tuliongea mpaka giza likaingia. Hakuniita Injinia hata mara moja. Mama mkwe alipoondoka alisema amefurahi kupita kiasi. Alisema tu humo ndani mna joto kidogo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikulala vizuri kwa furaha. Na kwa neno lile. Joto kidogo!

Mama wa watu, umri ule, aje kila Jumamosi kuketi kwenye tanuri? Mimi nipo, mikono ninayo?

Mke wangu ametoka mapema kwenda kununua kitambaa cha pazia. Mara hodi getini: mkata vyuma, na msumeno wake wa umeme. Shemeji katika yale machozi yake amesahau kumzuia. Nikamweleza kwamba gari haliuzwi tena. Akasikitika, ametoka mbali na mzigo ule. Kumrudisha mtu mikono mitupu si ustaarabu. Nikampa chai, nikamwonyesha nguzo za madirisha zinazoshika paa la gari, nikamuuliza kama anaweza kukata kwa kunyooka.

Anaweza. Amefanya kazi safi sana, dakika chache tu. Ombi la mama mkwe nimeliheshimu kabisa: alisema nisiguse kitu humu ndani, nami paa nimelishika kwa nje. Mkata vyuma ameondoka nalo kwenye mkokoteni wake, amefurahi, dari yake na kila kitu.

Upepo humo ndani sasa! Ukiegemea siti ya nyuma unaona anga lote. Sijamwambia mtu. Nataka kuwa kando yake Jumamosi, nimwone uso atakapoketi na kuinua macho.