Getruda wa Meza ya Nne

Jumatatu, 7 Juni 1999
Bosi wangu, Mzee Shigela, anamwoza binti yake Jumamosi. Kadi zote nichape mimi kwa kompyuta mpya, si mchapaji mwenzangu Jonathan na taipureta yake! Jonathan kanuna hadi saa kumi. Raha. Kisha nikaona orodha ya wageni ya kamati. Getruda, mwalimu wa shule ya Kiseke, sauti ya kwanza kwaya yetu: meza ya nne. Jonathan: meza ya nne. Mimi, Luhaga: meza ya kumi na tisa, jirani na majiko ya samaki sato. Miaka miwili natafuta nafasi ya kuongea naye. Sikubali.

Jumanne, 8 Juni
Nimeandika maagizo kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Kila mgeni ni kifurushi, kitabu kinakiita objekti. Ndani kuna jina, meza na mwenzi. Naiamuru mashine ichote jina iweke kwenye kigeu chake, yaani kisanduku cha kumbukumbu, meza kwenye chake, mwenzi kwenye chake. Kadi inasoma vigeu tu. Kamati haikuhangaika na majina ya wake za watu, basi pa mwenzi pakiwa wazi iandike "Mkewe". Akili hiyo! Wageni mia na themanini wamechotwa kabla ya chai. Mashine sijaizima. Naomba tu umeme usikatike.

Jumatano, 9 Juni
Nimefungua vifurushi kimyakimya. Luhaga, meza: 4. Jonathan, meza: 19. Nikaamuru ichape. Printa imelia mpaka jioni. Sikusoma hata kadi moja. Bahasha zimeondoka. Nimenunua soksi mpya.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa! Kadi yangu: "Bw. Luhaga na Mkewe, Meza ya 19." Mke gani? Jonathan, mjuaji, akanieleza huku akila karanga zangu: vigeu vilijazwa Jumanne, kubadili kifurushi baadaye hakuvigusi, ilibidi nichote upya. Nikamwambia nilijua.
Akaingia Padri Odongo. Nikamwamkia Tumsifu Yesu Kristu. Akaitika Milele amina bila kutabasamu, akaweka kadi mezani: "Padri Odongo na Mkewe." Akauliza kwa upole kama Baba Askofu ameshaarifiwa. Mzee Shigela alinifokea mpaka miwani ikamdondoka.

Jumapili, 13 Juni
Jana nilikaa meza ya kumi na tisa, upepo wa ziwa ukiniletea moshi wote machoni. Mara Getruda huyo, sahani mkono mmoja, kadi mkono wa pili: "Bi. Getruda na Mkewe." Alicheka mpaka akatoa machozi. Akasema amekuja kumwona aliyemtafutia mke. Akaketi! Saa nzima! Nampenda. Nampenda hata anavyonyonya kichwa cha sato. Jonathan alibaki meza ya nne na shangazi wawili wa bwana harusi.
Ameniomba nimchapie kadi za komunyo ya mdogo wake. Wageni sitini, wengi hawana mwenzi. Nimeshapata njia! Pakiwa wazi, mashine iandike "Luhaga". Nimejaribu ya kwake: "Bi. Getruda na Luhaga." Inapendeza mno! Zilizobaki sina haja ya kuzisoma. Kesho asubuhi nazipeleka, naanza na ya Padri Odongo.