Chumba cha Chini, Mlango wa Barabarani

Jumatatu, 4 Machi

Uchochoro wetu unavunjwa. Mradi umejenga ghorofa nyuma ya soko, na sisi wazee tutahamishiwa huko. Sina ubishi. Bati langu limetoboka kiasi kwamba mvua ikinyesha nalala nimekumbatia beseni. Lakini vyumba vya chini vyenye mlango wa barabarani ni viwili tu! Viwili, na wazee tuko kumi na mmoja! Mimi ni fundi viatu, nina miaka sitini na minane, na maisha yangu yote nimekaa mlangoni nikigonga soli. Mteja gani atapanda ngazi na kiatu kilichokatika? Wakinipeleka juu nimekwisha, nitabaki kugonga kichwa changu. Aliyechora jengo lile bila shaka ana magoti mapya.

Mwenyekiti wa mtaa amesema vya chini ni vya wasiojiweza. Basi. Kuanzia leo sijiwezi.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Kutetemesha mikono: safi sana. Kukohoa: kunaridhisha. Kuchechemea nimeacha. Goti langu la kushoto linauma kweli, mwaka wa pili huu, na likianza kuuma nasahau kuigiza. Hilo ni jambo langu na goti langu, halimhusu mtu.

Mama Cherehani ameuliza kupitia bati kama nina homa. Huyu ni fundi nguo, jirani yangu, kati yetu ni bati moja tu. Nimemjibu kwamba ni uzee. Akasema hata yeye anao, mbona wake haupigi kelele.

Naye anakitaka chumba cha chini, najua. Nimemchimba: atamwambia nini karani wa mradi akija kutukagua? Ati atasema yaliyopo, kwamba anashona na miguu inamvimba. Nimecheka mpaka nikakohoa kikohozi cha kweli. Mtu mzima, mjukuu wa kwanza keshaolewa, hana hata mpango!

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi nilificha benchi nyuma ya pazia na viatu vya wateja chini ya kitanda. Nikajilaza, blanketi mpaka kidevuni. Karani akaingia, mwanamke mpole, ananiita baba. Akauliza naumwa nini. Nikatetemesha mikono yote miwili. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema kwa sauti ya kuzimika kwamba kazi niliiaga zamani. Akavuta pumzi, akasema chumba kinanukia gundi. Nikasema ni dawa ya kuchua.

Nikachungulia fomu yake. Visanduku viwili tu: Anajiweza, Hajiwezi. Hivi kweli! Mtu mwenye kazi yake na goti lake bovu aandikwe wapi, pembeni? Karani akatia alama palepale nilipotaka. Hajiwezi! Ushindi!

Akageuka kutoka. Ukanda wa sandali yake ukakatika kizingitini. Nikajikaza, nikafumba macho. Na ningeshinda, kama si Mama Cherehani kutokea mbio na sindano yake ya nguo na uzi wa pamba. Uzi wa pamba kwenye ngozi! Mbele ya macho yangu! Ndani ya nyumba yangu!

Sikumbuki nilivyotoka kitandani. Nakumbuka nimekaa kwenye benchi, sandali iko mapajani, nimetunga uzi uliopakwa nta mara moja tu bila hata miwani. Nikashona mishono saba, nikafunga fundo, nikamrudishia huku nikimweleza kwamba ukanda huo utaizika sandali. Karani akatazama mishono. Akatazama mikono yangu, imetulia kama meza. Akacheka, akanishukuru sana, akafuta alama yake na kutia nyingine.

Mama Cherehani naye akacheka. Simsamehe.

Jumatatu, 11 Machi

Orodha imebandikwa ukutani kwa mwenyekiti. Mama Cherehani: chini, mlango wa barabarani. Mimi: ghorofa ya nne. Ya nne! Maelezo kando ya jina langu: ana nguvu, mchangamfu. Nimeitwa mchangamfu na serikali, na inaniua.

Mwenyekiti amenipa pole, akasema chumba cha pili cha chini bado hakijapewa mtu. Mwenye malalamiko aende ofisini mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda. Ofisi ya malalamiko ya wazee iko ghorofa ya tatu. Nani anayebuni mambo haya? Nimepanda kwa hasira tupu, nikishika ukuta, goti la kushoto linawaka moto. Kila nilipokutana na mtu nilijinyoosha na kupiga mluzi, asije akanionea huruma.

Nimemwambia karani yuleyule kwamba mimi ngazi siziwezi kabisa. Akauliza kwa upole nimefikaje hapo.

Amesema, hata hivyo, Ijumaa atapita kuwakagua tena waliolalamika. Ni mara ya mwisho, baada ya hapo wanagawa funguo. Kushuka nimeshuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, baada ya kuhakikisha hakuna anayeniona.

Jumatano, 13 Machi

Mama Cherehani aliniona. Alikuwa amekuja ofisini kutia sahihi ya chumba chake.

Leo ameniletea maji ya moto na kitambaa cha kukanda goti. Ameniambia kama hawanipi chumba, benchi langu litakaa kibarazani kwake, kando ya cherehani, na nisilete ubishi. Machozi yalinilengalenga. Ni mvuke wa maji. Kisha akanisihi: Ijumaa, baba, mwambie karani unashona viatu na goti la kushoto ni bovu. Basi. Yeye alisema hivyohivyo ya kwake na karani akaandika yote mawili, pembeni mwa fomu.

Mama wa watu, moyo mzuri, akili ya mjini hana. Nimwambie ukweli karani aliyekwisha kunikamata na uongo? Ataniona mjanja!

Hapana. Mpango wa Ijumaa uko tayari. Nimeazima mkongojo, nimekata bendeji kwenye shuka. Nitachechemea mguu wa kulia. Wa kushoto unauma mno, hauigiziki.