Mama Anayekufa Sura ya Kwanza

Jumatatu, 9 Oktoba 1871

Nimeuawa tena! Mara hii kwa homa, ukurasa wa pili, hata chai sijamaliza.

Hasira zimenichanganya, ngoja nianze upya. Binti yangu Thirza anaandikia jarida moja la London hadithi za kutisha. Ngome mbovu, mizuka, mishumaa inayojizima. Hapa Yorkshire watu wanazigombania. Mimi mama yake mpaka leo sikuwa nimewahi kuzisoma, maana nikisoma vitu vile silali.

Leo jirani yangu, Bi. Sugden, kaja, kajibwaga kwenye kiti changu kizuri, kaniuliza kwa sauti tamu kama mimi na Thirza tumegombana. Nikasema hatujagombana. Akasema basi ni ajabu, kwa sababu hadithi zote za Thirza mama hufa sura ya kwanza. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Euphemia wake anamtarizia mito yenye maneno "Mama Mpenzi".

Alipoondoka nikazisoma zote. Kweli tupu! Mmoja kajengewa ukutani akiwa hai. Mmoja kasukumwa kutoka mnarani. Mmoja kafungiwa darini na mumewe mpaka akageuka mzuka. Na huyu mpya, wa mwezi ujao, ambaye kurasa zake bado ziko mezani kwa Thirza, homa. Wote wafupi, wanene kidogo, wana chunjua kidevuni.

Nina chunjua kidevuni!

Kumwuliza? Sithubutu. Akijibu ndiyo, je? Hapana. Nitatumia akili.

Jumanne, 10 Oktoba

Mpango: mapenzi. Mtoto akipendwa sana hawezi kumwua mama yake. Nimempikia nyama ya kondoo, nimempikia pudingi ya zabibu kavu, nimempashia soksi moto jikoni, nimemwita kipenzi changu. Akaniangalia kwa mashaka, akauliza nimevunja nini.

Mchana nikachungulia mezani kwake. Homa imefutwa! Moyo ukaruka. Nikafunua ukurasa. Mama kafa kwa pudingi yenye sumu.

Thirza akanishukuru sana. Alisema homa imeshachosha wasomaji, ila nilipomwekea ile pudingi mbele yake, wazo likamjia lenyewe.

Pudingi yangu!

Jumatano, 11 Oktoba

Mapenzi yameshindwa. Basi ajue uchungu wa kufiwa. Nikajipaka unga usoni, nikajilaza sebuleni, nikaanza kuguna. Nikamwusia kwa sauti ya mbali kwamba nikiondoka asisahau kuwalisha kuku.

Alikuja mbio, namsifu kwa hilo. Akanigusa paji la uso. Akakiangalia kidole chake. Akakilamba.

Halafu akavuta kiti, akaniomba nigune tena, polepole, na nimweleze mtu anayekata roho anaona nini. Nilitaka kukataa. Lakini sijawahi kuombwa kitu kwa heshima namna ile. Nikaguna. Niseme kweli, lilikuwa guno zuri. Thirza akapiga makofi, akaandika ukurasa mzima.

Euphemia wa Bi. Sugden hajawahi kumpigia mama yake makofi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimejifunika blanketi mbili. Naandika hivyo hivyo.

Niliwaza hivi: kama hamsikii mama aliye hai, atamsikia aliyekufa. Darini kuna ufa juu kabisa ya meza yake. Nikajitanda shuka jeupe, nikapanda ngazi, nikajilaza kifudifudi, nikaita kwa sauti ya kaburini: "Thirzaaa! Mwache mama yako aishiii!"

Nikachungulia kwenye ufa. Kiti kitupu. Ametoka!

Hapo upepo ukaubamiza mlango, na komeo likaanguka kwa nje. Nikasukuma. Nikapiga teke. Wapi. Ndipo ikanijia: mama, kafungiwa, darini. Nimejiandika mwenyewe ndani ya hadithi!

Nikaenda dirishani kupiga kelele. Ukungu ulikuwa mzito, na aliyekuwa akipita chini ni Bi. Sugden na kapu la mayai. Akainua macho. Akaona kitu cheupe kinalia kwenye kioo. Mayai chini, sketi juu, mbio mpaka kwa kasisi. Sikujua kama magoti yale bado yanafanya kazi.

Nilicheka. Kisha baridi ikaniingia, nikaacha kucheka. Kisha nikalia, kwa sababu niliona kwamba nikifa mle kweli, sitajua kamwe binti yangu ananichukia kwa nini.

Thirza aliporudi akasikia kilio changu. Akapanda ngazi za ndani, akakutana na komeo limekwama kwa kutu. Basi akaleta ngazi ya kuchumia matofaa, akaiegemeza ukutani, akapanda kwa nje. Thirza! Asiyeweza kusimama juu ya stuli kufuta vumbi la kabati! Akavunja kioo kwa kiatu, akaingia, mweupe kuliko shuka langu. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Halafu akanigombeza kana kwamba mtoto ni mimi: "Mama, una akili kweli? Ungekufa humu!"

Likanitoka. "Si ndivyo unavyotaka? Kila mwezi unaniua!"

Akakaa juu ya sanduku la blanketi. Akanitazama. Akaanza kucheka, na machozi yakaja nyuma ya kicheko.

Alisema siku moja alijaribu kumwacha mama hai. Celestina, msichana wa hadithi zake, akafika ngomeni, na mama yake nyuma yake. Mama akamwuliza mwenye ngome hao buibui anawafuga wa nini. Akafungua madirisha yote. Mzuka ulipotokea akautoa nje kwa ufagio. Hadithi ikafia ukurasa wa nne.

"Msichana mwenye mama kama wewe hatishiki, Mama," alisema. "Nani atamgusa? Lazima nikuondoe kwanza, ndipo aogope."

Nikamwuliza, na chunjua je?

Akasema amejaribu akina mama wengine, warembo, warefu. Hawaji. Akiandika neno mama, ninayekuja ni mimi. Na kila akiniua huacha kalamu akaja jikoni kuangalia kama nipo.

Kumbe ndiyo maana! Mimi nilidhani anakuja kuiba biskuti.

Tukalia pamoja juu ya lile sanduku, tumejifunika shuka moja. Ndivyo tulivyokutwa kasisi alipolipiga komeo kwa nyundo na kuingia na Biblia, Bi. Sugden nyuma yake na chuma cha kuchochea moto. Kasisi alisema amefurahi kutuona. Bi. Sugden hakuonekana kufurahi.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimeelewa. Mama lazima afe, ndiyo kazi ilivyo, na mtoto wangu ananipenda. Sitaingilia tena. Nimeapa.

Thirza yuko kanisani. Mimi nimebaki na mafua. Kurasa ziko mezani, kesho zinakwenda London. Nimezipitia tu, kwa heshima ya kazi. Mama yuko ndani ya jeneza, Celestina analia. Pazuri sana.

Nimeongeza kikohozi kimoja. Kidogo tu, ndani ya jeneza. Msomaji asiyetaka kukisikia asikisikie.

Lakini maiti haikohoi. Ikabidi wafungue kifuniko, la sivyo wangeonekana wapumbavu. Na akishafunguliwa, atabaki amelala? Kakaa. Kauliza nani kamvalisha kofia ile mbaya. Sasa yuko kwenye gari la farasi pamoja na Celestina, wanaelekea ngomeni, na nimeshafika ukurasa wa sita, siyo wa nne. Thirza atafurahi!

Kengele inalia, watu wanatoka kanisani. Na bado sijamwambia mwenye ngome anyoe zile ndevu!