Sanduku la Vifaa Chini ya Kiti

Jumatatu, 6 Oktoba

Jana nilifedheheka mchana kweupe. Pikipiki yangu ilizimika mbele ya nyumba ya wakwe. Kabla sijashuka, mwanyumba wangu, yaani yule bwana aliyeoa mdogo wa mke wangu, akachomoa kifurushi cha turubai chini ya kiti chake. Kidogo kama mkate! Akakaza kitu, ikawaka. Mama mkwe akasema, "Huyu ndiye mwanamume wa safari." Wala hakuwa akinitazama mimi.

Sasa Jumamosi binti yao wa mwisho anahitimu unesi. Majina yataanza kusomwa saa nne kamili. Mke wangu atatangulia kwa basi, mwanyumba atampakia mkewe, mama mkwe nitampakia mimi. Saa nzima ya njia! Nitanunua vifaa. Nitamzika huyu bwana kwa spana.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi. Nikamuuliza vifaa bora vya kubeba. Badala ya kunijibu, akaniuliza pikipiki yangu ina nati namba ngapi. Mimi nitajuaje? Akasema nikaziangalie kwanza, nichukue spana za nati hizo tu, plaizi, bisibisi moja, viraka vya pancha na pampu ndogo. Basi. Akaongeza kwamba nivijaribu nyumbani kabla ya kusafiri.

Wivu mtupu. Anajua nikiwa na vifaa vyangu atakosa mteja.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekusanya kila kitu. Spana kumi na saba, nyundo mbili, jeki ya gari, msumeno wa chuma, futi kamba. Nikavijaza katika gunia, nikalifunga kwenye karia. Nilipowasha na kuondoka, gurudumu la mbele likasimama kama farasi aliyeona nyoka. Nikatua katika kamba ya nguo za jirani. Jirani akatoka, akataka kujua shati la mumewe limefika vipi kichwani mwangu.

Mke wangu aliuliza kama tunahama. Nilikuwa ninatoa pini ya nguo sikioni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimegundua siri! Udogo. Nimepata sanduku la chuma, jembamba, lina vifaa ishirini na vinne vimelala ndani kama sadini koponi. Plastiki yake sijaitoa, vinang'aa mno. Nimelifunga chini ya kiti kwa bolti nne ili wezi wakome. Mfuniko haufunguki mpaka sanduku lishuke. Limebana kweli! Nimemtumia mwanyumba picha. Akajibu, "Hongera, shughuli pevu." Roho inamuuma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tatizo: vifaa bora vina faida gani ikiwa pikipiki haiharibiki? Nimewaza kutwa nzima kazini, nikagonga muhuri barua ileile mara tatu.

Nimepata dawa. Nimelegeza nati ya kebo ya klachi. Kidogo tu. Kebo itachomoka tutakapofika getini pa chuo, mbele ya ukoo mzima. Nitashuka polepole. Nitakunja mikono ya shati. Nitasema, "Msiwe na wasiwasi." Nimeisema mbele ya kioo mara kumi. Mke wangu akauliza ninamwambia nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kebo haikusubiri geti.

Ilichomoka nusu ya njia, penye majani matupu na mbuzi mmoja. Mwanyumba alikuwa ameshatuacha mbali. Saa tatu na nusu. Nikashuka polepole. Nikakunja mikono. Nikamwambia mama mkwe asiwe na wasiwasi. Akasema hana.

Nikainua kiti. Bolti nne, zote namba kumi. Spana namba kumi ilikuwa wapi? Ile niliyofungia ilibaki guniani nyumbani. Nyingine? Ndani ya sanduku. Nikajaribu kwa vidole, kwa ufunguo, kwa meno. Mbuzi alisogea karibu aone vizuri.

Mama mkwe akatazama saa. Hapo nilimwona uso umembadilika. Akasema taratibu kwamba wanawe wakubwa wote walimaliza shule yeye akiwa kazini mbali, hakuwaona hata mmoja akiitwa jina. Huyu ndiye wa mwisho. Niliona aibu ikinipanda kutoka kwenye soksi. Nikakiri. Nikasema nati niliilegeza mwenyewe.

Akafungua mkoba wake, akatoa kipochi cha miwani. Ndani: plaizi, spana tatu, bisibisi fupi, waya kidogo. Miaka tisa nimemwoa bintiye, sijawahi kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani! Kumbe miaka ishirini alizunguka vijijini kwa pikipiki akichanja ng'ombe. Akarudisha kebo, akakaza nati, akapima klachi. Dakika sita. Akaniuliza kama anifungulie na sanduku langu, maana spana namba kumi anayo. Nikasema si lazima.

"Basi panda nyuma, baba," akasema. "Ushike mkoba."

Alifunga khanga kiunoni, akaondoka. Alikata kona hadi nikakumbuka dua zote nilizofundishwa utotoni. Tulifika getini mbele ya ukoo mzima, mimi nikiwa abiria wa pikipiki yangu mwenyewe, nimekumbatia mkoba wa kike. Mwanyumba alipiga picha. Mbili.

Lakini tuliingia ukumbini jina la binti likitajwa. Mama mkwe alipiga kigelegele kirefu mpaka msoma majina akanyamaza akimngoja amalize. Halafu akalia. Na mimi vumbi liliniingia machoni. Macho yote mawili.

Kuhusu nati, hakumwambia mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa bolti.

Nimezing'oa zote. Sasa sanduku linakaa kwenye bawaba, limefungwa kwa kufuli lisilohitaji spana wala ufunguo. Namba za siri tu, tarakimu sita! Mwanyumba atakoma. Namba nimeziandika kwenye karatasi nisije nikazisahau, na karatasi nimeiweka mahali ambapo hakuna mwizi atakayeifikia: ndani ya sanduku.

Nimelifunga. Mke wangu anauliza namba ni zipi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Zinaanza na saba.

Au mbili.