Fotrani Ndani ya Mzinga

Jumatatu, 1 Oktoba 1973
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Meneja wetu, Ndugu Luhende, ameleta mtaalamu kutoka Dar. Binti, jina Leonia. Anaandikia kompyuta kwa Kobol. Kobol! Lugha ya juzi, inasomeka kama barua ya posa. Orodha ya mbolea ya wakulima wa tumbaku naiandika kwa Fotrani mwaka wa sita sasa. Nikamweleza meneja kwamba Fotrani ni kongwe na ni salama: mwizi akiiba kadi ninazozitoboa matundu ili kompyuta isome, hazimfai kitu, katika Tabora nzima naielewa mimi peke yangu. Akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mmoja wetu, mimi au binti huyo, atahamishiwa kijiji cha ujamaa, Usinge.

Jumatano, 3 Oktoba
Leonia kaomba kuziona kadi zangu. Kaanza na shikamoo. Shikamoo! Nina miaka thelathini na minne. Nikamwachia kutwa nzima, azitazame tu, mimi nikaenda kunywa kahawa. Kosa. Kuanzia leo nazificha mpaka Jumanne, siku ya treni ya kuzipeleka Dar, iliko kompyuta. Wahangaike, kisha nizitoe mimi. Nani atathubutu kunihamisha?

Ijumaa, 5 Oktoba
Nimepata pa kuficha! Mzee Jilala, mlinzi, ametundika mzinga mpya kwenye mkwaju wa uani. Mtupu. Nani atatia mkono mzingani? Nikapanda na kadi zangu baada ya sala. Kanzu imechanika. Ndani kunanukia nta, nikaona mwenye mzinga ni mtu msafi.

Jumatatu, 8 Oktoba
Nyuki! Wamehamia wote, na ndugu zao. Mzee Jilala kacheka mpaka kakaa chini. Eti mzinga hupakwa nta ili kuwaita nyuki, hata mtoto wa kwao Ipole anajua. Nikamjibu sisi kwetu ni watu wa duka. Akafukiza moshi, nikapanda. Jicho la kushoto limefumba. Kadi mia mbili na kumi zimegandamana kwa nta. Kesho treni, mvua zinakuja, na wakulima hawatapata mbolea kwa ajili yangu. Nimelia, kwa jicho moja.

Jumanne, 9 Oktoba
Leonia kafungua kabati lake, katoa kadi mia mbili na kumi. Alizitoboa nakala Jumatano ileile. Fotrani anaijua, ndiyo aliyoanzia chuoni. Treni imeondoka nazo. Meneja katangaza kwamba Fotrani itabaki, haina mfano. Nikapiga makofi kuliko wote. Kisha akanipa barua ya Usinge.

Jumapili, 21 Oktoba, Usinge
Lugha imebaki, mimi nimeondoka. Inaniuma. Nimeandika rufaa, kurasa nne. Ila katibu wa kijiji, Mayala, hufungua barua za watu, kwa hiyo nimeificha mpaka lori la posta lije. Mzingani. Safari hii nimetumia akili: nimechagua mzinga wenye nyuki tayari, wasije wakahamia. Limefumba jicho la kulia tu.